Majina Marefu ya Baba

9 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko juu mawinguni, kwenye kituo chako cha hali ya hewa, na kwamba lori la mahitaji halijakwama tena kwenye tope. Sisi tupo kwa kiasi chetu. Goti la Mama linamsumbua akipanda ngazi, akishuka halina neno, kwa hiyo anasema dawa yake ni kushuka tu. Kitinda mimba wetu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa kila akisema "sisi" anapiga mbinja.

Baba amerudi kutoka hospitali. Wamemtoa sanduku la sauti lote. Anapumua kwa tundu la shingoni analolifunika kwa kitambaa cheupe, na hatasema tena. Anaandika kwa chaki kwenye kibao cha Kitinda. Akichoka kuandika anapiga kijiko mezani. Kijiko kimoja maana yake njoo. Viwili maana yake hapana. Vingi mfululizo maana yake kompyuta.

Na hiyo kompyuta ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Unajua Baba alikuwa anasoma matangazo redioni: vifo, vitu vilivyopotea, watu wanaoitwa nyumbani haraka. Mengi alikuwa akiyarekodia hapa hapa, amejifungia ndani ya kabati la nguo katikati ya magauni ya Mama ili chumba kisirudishe mwangwi. Sauti zote zimo kwenye kompyuta. Kabla ya kwenda hospitali alijifungia wiki nzima "akipanga". Alivyopanga hata sijui, maana sasa nikifungua mafolda yake, la kwanza linafunguka, la ndani linafunguka, nikizidi kushuka kidirisha kinachoyaonyesha kinakuwa cheupe, kinaganda, halafu kinajifunga chenyewe na kuniacha natazama picha ya maua. Sauti za mwaka jana ziko chini kabisa. Sijafika hata siku moja.

Fundi wa mtaani kwetu amekuja kuitazama. Tunamwita Fundi Fomati, kwa sababu hajui dawa nyingine. Hata ukimwambia kipanya kimechafuka atakwambia, "Piga fomati, itakuwa kama imezaliwa leo." Nikamuuliza, na vilivyomo? Akacheka. "Binti, mtoto aliyezaliwa leo ana vitu gani?" Na Baba amekubali! Ameandika kwenye kibao: SAWA.

Shangazi, nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Nimeanza kusahau jinsi Baba alivyokuwa akiniita. Najua alikuwa akiniita, ila nikijaribu kuisikia kichwani inakuja sauti yangu mwenyewe. Nataka kumsikia. Basi, nimesema.

Ningekupigia simu lakini unasema simu ya huko ni ya mvua, si ya watu. Na hata ingekuwa ya watu, unanijua, ningeshika mkono wa simu nikapumua tu. Kwenye karatasi nina mdomo.

Mama alisema, "Mwandikie, lakini usimtaje baba yako sana." Nilipomuuliza kwa nini, akaendelea kukunja shuka iliyokwisha kukunjwa.

Kasuku wako asiyesema

*

2 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Upepo umeng'oa kipima mvua, nimekifunga kwa kamba ya viatu, na bosi wangu amekipa jina la kitaalamu kwenye ripoti. Mwambie wifi yangu goti halitaki utani, aache ngazi. Kitinda umfundishe wimbo maadamu ana filimbi ya bure.

Habari za hospitali nimezisoma.

Sasa. Umeniandikia kurasa nne, na ndani yake mna swali moja lenye nusu ya maelezo. Kompyuta si mganga wa ndoto, mwanangu. Nijibu haya. Inajifunga mahali pale pale kila mara, au popote inapojisikia? Mafolda ya zamani yanafunguka? Kabla haijafa inaandika nini? Usiniambie "inaandika kitu". Shuleni mnasomeshwa kwa lugha ile ile inayotumiwa na kompyuta, na ripoti yako niliiona, kwa hiyo soma, tafsiri, niletee.

Kabla ya yote, toa nakala ya kila kitu uweke kwenye diski ya nje.

Na huyo Fomati asiguse hata kitufe. Mwambie shangazi yako amesema. Akiuliza shangazi gani, mwambie yule anayejua.

Lori linaondoka.

Shangazi yako

*

20 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika imelowa kona moja. Goti la Mama lile lile. Kitinda amefundishwa wimbo na sasa tunajuta sote.

Nimefanya ulivyosema na nimezidi kuharibu. Nilianza kutoa nakala. Ikaenda, ikaenda, nikaenda hadi jikoni kwa furaha, niliporudi imesimama. Imeandika kwamba njia ya kufikia faili ni ndefu kupita kiasi, nifupishe jina nijaribu tena. Jina la nani? Njia gani? Niko chumbani, sijaenda popote! Nikabofya "jaribu tena" mpaka kidole kikauma. Kisha nikaona labda haipendi diski, nikatengeneza folda lingine humo humo ndani ya kompyuta, nikaliita "Nakala ya akiba kwa agizo la Shangazi kabla ya kuguswa na mtu mwingine yeyote". Safari hii haikuandika hata neno. Ilikufa papo hapo.

Majibu yako ni haya. Inajifunga mahali pale pale. Mafolda ya zamani yanafunguka vizuri, nayo yana majina mafupi: Vifo, Vilivyopotea, Wito. Ni haya mapya ndiyo yenye maneno. La juu linaitwa "Matangazo yote niliyoyasoma kwa sauti yangu". Ndani yake lipo "Mwaka wa kwanza tangu msiba wa mama ambamo hakuna aliyeachwa" (mama huyo ni Bibi). Ndani ya hilo "Mwaka wa pili tangu msiba wa mama ambamo hakuna aliyeachwa". Wa tatu umo ndani ya wa pili. Wa nne nadhani umo ndani ya wa tatu, ila hapo ndipo dirisha linapokuwa jeupe.

Nilimuuliza Baba kwa nini mwaka wa pili uwe tumboni mwa wa kwanza, usikae kando yake kama watu? Akaandika: MWAKA HAUKAI KANDO. HUTOKA NDANI YA MWINGINE. Na alinitazama kama mimi ndiye nisiyeelewa kompyuta.

Fundi Fomati alikuja Jumamosi na mkoba wake. Nilikuwa nimejipanga kumwambia maneno yako yote. Nikasimama mlangoni, hakikutoka kitu. Akasema, "Binti, unaingia au unatoka? Umekuwa kama pazia." Aliyeniokoa ni Mama. Alimwuliza habari za mama mkwe wake, naye akashika hapo mpaka giza likaanza, akasahau alichojia. Lakini atarudi. Baba amempa mwisho wa Aprili.

Shangazi, niulize kitu? Barua yako Baba aliisoma. Niliiacha mezani, si makusudi sana. Aliisoma mpaka mwisho, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maneno mengine, akaigeuza tena. Kisha akachukua kitambaa akafuta kibao ambacho hakikuwa na kitu.

Hukumsalimu. Ulisahau?

Kasuku

*

15 Machi

Kasuku,

Marahaba. Mvua, ukungu, mvua. Mwenzangu wa zamu anakoroma mpaka vipimo vya upepo vinatikisika.

Sasa umesema jambo. "Njia ni ndefu kupita kiasi." Ungeanza na hilo mwezi wa kwanza ningekuwa nimekwisha kumaliza!

Sikiliza vizuri. Wewe unadhani faili lina jina lake tu. Kompyuta hailiiti hivyo. Inaliita kwa ukoo mzima: diski fulani, folda la juu, la ndani yake, la ndani ya hilo, mpaka kufika kwa mtoto mwenyewe, yote kwa pumzi moja, bila kumeza mate. Na pumzi yake ina kikomo, herufi mia mbili na sitini hivi, pamoja na vile vimistari vya mshazari vinavyotenganisha majina. Programu nyingine zimeshafundishwa kupumua zaidi, lakini hicho kidirisha chenu ni cha kizamani. Kikifika kwenye mwaka wa nne kimeishiwa, kinaanguka. Hakuna kilichoharibika. Sauti zipo. Ni kuitwa tu ndiko kunakoshindikana.

Utaniuliza, basi ilikubalije majina hayo tangu mwanzo? Kwa sababu nina hakika hayakuanza hivyo. Mtu alitengeneza mafolda yenye majina mafupi, akajaza vitu, baadaye ndipo akarudi juu kurefusha. Mashine huangalia jina unaloliandika wakati ule. Haishuki kuwauliza wajukuu. Babu ananenepa, wajukuu wanakosa nafasi kitandani, na hakuna aliyeombwa ruhusa. Na wewe ukachukua ukoo huo mzima ukauingiza ndani ya folda lenye jina la hotuba! Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Dawa: anzia juu. Lile la "Matangazo yote" liite "a". La ndani yake liite "b". Endelea hivyo. Sauti haziguswi, ni vibandiko tu vinavyobadilika. Kazi ya dakika tano.

Kichekesho kweli: mtu aliyekuwa mwepesi wa kufupisha orodha ya watu, leo anashindwa kufupisha folda.

Hiyo sentensi usiisome. Nimeandika kwa wino, siwezi kufuta, na lori linapiga honi.

Shangazi

*

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Salamu zimekwisha, nina hasira.

Nilibadilisha lile la juu nikaliita "a". Dakika tano ulisema. Sikumaliza hata moja. Baba alikuwa nyuma yangu, sikumsikia kwa sababu siku hizi hasikiki. Alipiga kijiko juu ya meza ya kompyuta mpaka kikapinda. Kikombe kikaruka. Kisha akaandika kwa herufi kubwa mpaka chaki ikakatika: RUDISHA. HUMU NDANI HAKATWI MTU.

Nikarudisha. Herufi moja moja, yeye akiwa amesimama.

Nikamwambia, "Baba, ni majina tu ya kompyuta." Vijiko viwili. Nikamwambia, "Basi Fundi Fomati akija atafuta vyote, marefu na mafupi." Akaandika: AMA YOTE AMA BASI.

Hataki kufupisha lakini yuko tayari kufuta! Wewe ni dada yake, nifafanulie, maana ninyi mmetoka tumbo moja, mimi nimetoka la mtu mwingine kabisa. Kila mtu nyumba hii anajua neno ambalo mimi silijui. Nilimfuata Mama nikamwambia sitatoka jikoni mpaka aniambie, na unajua mimi nikikaa kimya naweza kukaa mpaka kesho.

Akaniambia. Kwamba Bibi alipofariki, mimi nikiwa mdogo, Baba alisoma tangazo mwenyewe. Akataja ndugu wote, watoto, wakwe, wajukuu, mpaka majirani na mwenye duka. Na wewe ulikuwa huko juu na redio yako, umekatwa na mafuriko, hukuweza kushuka. Ukasikiliza mpaka mwisho. Na hukutajwa.

Mama anasema Baba alijitetea kwamba redio ilimpa dakika moja tu. Ndiyo maana hamsemeshani?

Nisamehe kama nimevuka mpaka. Kwa mdomo nisingethubutu. Lakini Fomati anakuja mwisho wa mwezi, na mimi nimebanwa kati ya mtu asiyeweza kusema na mtu asiyetaka.

Kasuku

*

17 Aprili

Kasuku,

Marahaba.

Kuhusu hilo la redio: huku imenyesha wiki nzima bila kukata.

Tuendelee na kazi. Hataki majina yakatwe, sawa, hayatakatwa. Kuna njia nyingine, ningekupa hiyo mwanzoni kama ningejua nashughulika na kichwa cha nani. Ingawa nilipaswa kujua. Nimelala chumba kimoja na kichwa hicho miaka kumi.

Wewe kwenye cheti chako cha kuzaliwa una jina refu mpaka karani alikunja mstari. Nyumbani unaitwa Kasuku. Je, kwa kukuita Kasuku nimekichana cheti? Basi fanya vivyo hivyo. Kompyuta inakubali kulipatia folda lakabu: herufi moja ambayo haijatumiwa na diski yoyote. Folda linabaki pale pale na jina lake lote, ila ukiingia kwa lakabu, mashine inaanza kuhesabu pumzi kutoka hapo. Amri yenyewe nimeiandika kwenye kijikaratasi nilichobandika hapa chini. Utaiandika kwenye lile dirisha jeusi la amri, neno kwa neno, na anwani ya folda uiweke ndani ya alama za kunukuu, la sivyo itagoma kwenye nafasi ya kwanza kati ya maneno.

Lakabu lipe folda la mwaka wa tatu, sio la juu wala la mwisho. Hapo ni katikati ya ngazi: mashine bado ina pumzi ya kufika, na kutoka hapo kushuka ni kufupi. Kama kuna kitu bado hakifunguki, toa lakabu ya pili ndani ya ya kwanza. Ukishaona sauti, zinakili kwenye diski ya nje haraka.

Na Fomati akija, kaa mlangoni. Huhitaji hotuba. "Hapana" ina herufi sita tu. Haizidi kipimo cha mashine yoyote, hata yako.

Shangazi

*

12 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, na tena shikamoo. Kaa chini kwanza.

Barua yako ilichelewa. Daraja lilikuwa limefungwa, mleta barua akaja nayo Fomati akiwa amekwisha kuja na kuondoka. Kwa hiyo hiyo "hapana" yako ya herufi sita niliipata baada ya kazi, kama mwavuli unaoletwa jua limetoka.

Alikuja asubuhi, mkoba begani. Baba alikuwa ndani ameipa kompyuta mgongo. Mama alikuwa kliniki na goti lake, hakuna wa kumwuliza habari za mama mkwe. Nikasimama mlangoni. Akasema, "Pazia letu hili tena. Sogea binti, nina kazi tatu leo." Nikafungua mdomo ili niseme hapana, na Shangazi, sijui ilitoka wapi, nikasikia nasema kwa sauti ya redio:

"Unatangaziwa wewe fundi, popote ulipo, kwamba kompyuta ya nyumba hii haitaguswa leo, wala kesho, wala siku nyingine. Habari ziwafikie pia wasaidizi wako wote."

Aliganda kama kile kidirisha. Kisha akasema, "Mama yangu! Huyu si ndiye yule wa matangazo?" Akaangalia nyuma yangu, akaangalia tundu la shingo ya Baba, akaniangalia tena. Akaondoka bila kuaga.

Nikadhani Baba atapiga kijiko mpaka kivunjike. Nilipogeuka mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka. Haisikiki, ila kitambaa kilikuwa kinapepea. Akapiga kijiko kimoja. Nikaenda. Akaandika: UMESAHAU KUTAJA MAJIRANI.

Basi barua yako ikaja, nikaketi naye, nikamweleza habari ya lakabu na cheti cha kuzaliwa. Akaandika: JINA LINABAKI? Nikasema linabaki lote, hakuna hata herufi inayokatwa. Akasogeza kiti kunipisha.

Nimechagua S, kwa Shangazi. Niliandika amri mara nne. Mara ya kwanza nilisahau alama za kunukuu. Mara ya pili niliziweka upande mmoja. Ya tatu hata sielewi. Ya nne haikusema kitu, nikadhani imekufa, kumbe kwa dirisha jeusi kimya ndiyo heri. Nikabofya S. Mwaka wa nne ulifunguka, dirisha halikuwa jeupe, mafaili yakashuka kama watu wanaoshuka kwenye basi!

Wakati huo huo umeme ukakatika.

Uliporudi, S haikuwepo. Imetoweka kama vile sikuiandika. Hukuniambia kwamba kompyuta ikizimika inasahau lakabu! Ukurasa mzima kuhusu vyeti vya kuzaliwa, na hilo hukuliandika! Nililia mbele ya Baba, naye akanyanyua kijikaratasi chako akanionyesha kwa kidole: andika tena. Nikaandika tena. Ikarudi. Sekunde mbili.

Nikabofya la kwanza. "Unatangazwa upotevu wa mkoba mweusi wenye vifungo viwili." Ni yeye. Ile sauti yake inayopanda kidogo kwenye "vifungo" kana kwamba vifungo ni watu wa heshima. Mama alikuwa anapita na gauni mkononi, akasimama hapo hapo na gauni lake. Kitinda akaingia mbio, "Baba, unasema!" akaenda kumtazama shingo. Baba akatoka nje kukaa kwenye ngazi. Tulisikiliza mpaka chakula kikapoa. Mimi kuna moja ananiita nimletee maji, hakujua anarekodi. Nimeisikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Kila kitu kilifunguka isipokuwa faili moja. Ikabidi nitoe lakabu ya pili, ndani ya mwaka wa nne wenyewe. Ndipo likakubali. Jina lake peke yake linajaza mstari mzima wa skrini na kukunja. Ninalinakili kama lilivyo:

"Habari zimfikie dada yangu mdogo aliye mlimani popote alipo ya kwamba dakika zilitosha ila moyo haukutosha na yeye aliyemuuguza mama ndiye aliyepaswa kutajwa kabla yangu mimi"

Tarehe yake ni siku moja kabla hajaenda hospitali.

Nilimwita Baba, nikamwuliza kama nifungue. Hakupiga kijiko hata kimoja. Nikafungua. Zinasikika hanga za nguo zinagongana, kwa hiyo alikuwa kabatini. Anakohoa. Anasema "Habari zi..." anasimama. Anaanza tena, anasimama. Halafu kuna kimya, anapumua tu, pumzi ile ya zamani ya puani. Mwishoni anasema neno moja. Ni jina, la utotoni nadhani, sikuwahi kulisikia. Analitamka polepole kama anavyotamka jina la marehemu au la mtu mkubwa sana. Baada ya hapo anazima.

Nadhani alishindwa kuyasema yale mengine, ndiyo maana akayaandika juu ya faili. Na baada ya hapo akaona haya, akakubali Fomati aje.

Nimekutumia diski ndani ya soksi ya Kitinda isivunjike. Baba ameona ninaifunga. Alishika kibao akaandika, akafuta, akaandika, akafuta. Chaki yote ikaisha. Hakuna nilichoruhusiwa kusoma.

Kasuku wako, aliyesema

*

8 Juni

Kaka,

Shikamoo.

Barua hii ni yako, lakini atakusomea Kasuku kwa sababu miwani yako najua umeikalia. Kwa hiyo naanza na yeye.

Kasuku! Diski imefika, soksi imefika na harufu yake. Nikaichomeka kwenye kompyuta ya kituo mbele ya bosi wangu na mwenzangu anayekoroma, nikabofya, na kidirisha kikawa cheupe, kikaganda, kikafa. Kikavuta na ramani ya mvua ya mkoa mzima! Bosi ananitazama, mimi natazama diski. Kumbe umeliweka faili lile ndani ya folda, halafu ukarudi juu ukaliita folda "Sauti ya Baba kwa Shangazi peke yake na mtu mwingine yeyote asifungue bila idhini yake kwa heshima tafadhali". Uliweka kwanza, ukarefusha baadaye! Kama baba yako! Nimetumia miezi mitano, wino wa kalamu mbili na malori sijui mangapi kukufundisha jambo moja!

Ningeweza kulifupisha. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Sikulifupisha. Nimelipatia lakabu.

Nimesikiliza wenzangu walipotoka kusoma vipimo.

Kaka, umelitamka vibaya. Mama alikuwa analivuta mwishoni, wewe umelikata. Usijitetee kwa hospitali, ulikuwa unalikata tangu utoto. Lakini nimelisikia. Siku ile ya tangazo nilikuwa nimeshika kikombe, nikahesabu majina, nikasema linalofuata ni langu, linalofuata ni langu, mpaka wakaanza kupiga muziki. Kikombe hicho ninacho mpaka leo, hakina kosa lolote, ila sijawahi kukinywea tena. Leo nimekinywea.

Wifi, tandika pale chumba cha watoto, nitalala na Kitinda na filimbi yake. Kasuku, mtu wa kwanza atakayeniita jina hilo la utotoni mbele ya watu nitampiga fomati.

Likizo nimeomba na bosi ametoa upesi, nadhani kwa ajili ya usalama wa kompyuta zake. Lori litanishusha mwishoni mwa mwezi ujao, ila siwezi kuja nyumbani kwa mtu bila kuitwa.

Kaka, chukua kijiko kilichonyooka. Piga kimoja.

Dada yako